Waliovuka Maji: Wasomi wa Ukerewe na Mizigo Waliyoituma Nyumbani

Ndugu wana-Ukerewe, mlioko visiwani na mlioko nje,

Kila mwaka tunapokutana kwa ajili ya harambee, kuna swali moja ambalo halikosi kuulizwa. Mara nyingine huulizwa wakati wa chai, mara nyingine na mzee aliyepewa nafasi ya kusema neno kabla ya kufunga mkutano: "Hawa maprofesa wetu walioko ugenini wametuletea nini?" Wengine hucheka. Wengine huinamisha vichwa. Mwenye mtoto aliyeko nje hujifanya anatafuta kitu kwenye simu.

Swali hilo si la kijicho. Ni swali la haki, na mwenye kuuliza anastahili kujibiwa. Mwaka huu tumeona tulijibu kwa maandishi, tukitumia historia ya kwetu wenyewe. Tumechagua watu watatu ambao majina yao yamo katika vitabu na kila mtu anaweza kuyasoma: Aniceti Kitereza, Gabriel Ruhumbika na Euphrase Kezilahabi. Wote watatu ni wa visiwa hivi. Mmoja alizeekea nyumbani. Wawili waliondoka wakafundisha vyuo vikuu vya nchi nyingine. Ukizisoma habari zao pamoja, unaona kwamba deni la wasomi wetu lipo, lakini na sisi wa nyumbani tuna deni letu.

Kuvuka maji si jambo la jana

Kwetu hakuna njia ya kwenda shule kubwa isiyopita majini. Leo tunapanda meli ya Mwanza pale Nansio, au pantoni ya Rugezi kwenda Kisorya. Zamani ulikuwa mtumbwi. Mtoto wa bara akienda kusoma, mama yake anaweza kumsindikiza hadi njia panda na akaendelea kumwona mpaka apotee kwenye kona. Mama wa kisiwani humwacha mtoto ufukweni na kurudi.

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, katika ukoo wa watawala wa Ukerewe. Alisoma kwa Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita White Fathers, pale Kagunguli. Walipoona akili yake ni nyepesi wakampeleka ng'ambo ya ziwa, Seminari ya Rubya katika nchi ya Wahaya. Huko alikaa miaka mingi, akajifunza Kilatini, Kijerumani na lugha nyingine. Kwa kijana wa Ukerewe wa enzi zile, Rubya ilikuwa ugenini kamili: lugha nyingine, chakula kingine, watu wengine. Kwa hiyo tunaposema kwamba wasomi wetu "wameanza kuhama siku hizi", tunasahau kwamba msomi wetu wa kwanza kujulikana naye alianza kwa kuhama.

Kitereza hakuwa padre. Alirudi, akaoa, na maisha yake mengi akayatumia nyumbani, akifanya kazi za misheni na kutafsiri. Akaona mambo mawili yanakwenda pamoja: mila zinasahaulika, na Kikerewe chenyewe kinapungua maneno. Padre mmoja Mkanada, Simard, alimtia moyo aandike. Kitereza akaandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya mume na mke waliopendana lakini hawakujaliwa watoto upesi, Myombekere na Bugonoka, na baadaye watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali. Ndani yake akaweka kila alichokijua: kulima, kuvua, kuposa, kutibu, kuzika, namna ya kusalimia mkwe na namna ya kugawa nyama. Alimaliza mwaka 1945.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Kitabu cha Kikerewe, kikubwa kama kile, hakikupata mchapaji. Kilikaa miaka, kisha miongo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika Ukerewe watafiti wawili Wamarekani, Gerald Hartwig na mkewe Charlotte. Gerald alikuwa akitafiti historia ya Wakerewe na biashara ya safari za mbali katika karne ya 19, utafiti uliokuja kutoka kama kitabu mwaka 1976. Walimkuta mzee na mswada wake. Wakamshauri autafsiri kwa Kiswahili, naye akaifanya kazi hiyo mwenyewe, uzee ukiwa umeshamfika. Mwaka 1972 akina Hartwig waliandika makala juu yake katika jarida la kitaaluma la huko nje, na walimwengu wakaanza kusikia kwamba kuna mzee Ukerewe mwenye kitabu.

Kitabu kilitolewa kwa Kiswahili na Tanzania Publishing House kikiwa na tarehe ya mwaka 1980. Mwaka 1981 mzee Kitereza alifariki. Kati ya kumaliza kuandika na kuchapwa ilipita miaka 35.

Tuangalie vizuri kilichokiokoa kitabu hicho. Mzee alibaki nyumbani, hilo ni kweli. Lakini ilibidi pawe na padre aliyetoka Kanada na watafiti waliotoka Marekani. Wale nao walikuwa wasomi waliohama kwao kwa ajili ya kazi. Wakati mwingine msomi anayevuka maji ndiye anayekifikisha kitu ambacho aliyebaki hana njia ya kukifikisha.

Chakula cha kijiji chenye njaa

Wenye umri mkubwa wanaukumbuka mfano alioutoa Mwalimu Nyerere katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali na kurudi na msaada. Akila akanyamaza huko huko, amewasaliti ndugu zake. Mfano huu ndio unaozungumza ndani ya vichwa vyetu tunapouliza swali la harambee.

Ruhumbika na Kezilahabi ni wa kizazi kilichokula chakula hicho. Gabriel Ruhumbika alizaliwa Ukerewe mwaka 1938. Alisoma Makerere, kisha akaenda Ufaransa na kupata udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Sorbonne, Paris, mwaka 1969. Mwaka huo huo ilitoka riwaya yake ya kwanza, ya Kiingereza, *Village in Uhuru*. Mwaka uliofuata alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaacha kuandika riwaya kwa Kiingereza na kugeukia Kiswahili.

Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo mwaka 1944. Alisoma seminari, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kufundisha sekondari kabla ya kurudi chuoni kama mwalimu. Riwaya yake ya kwanza, *Rosa Mistika*, ilitoka mwaka 1971, na nyumbani kwa Rosa ni Namagondo hiyo hiyo. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa muda, na baadaye kikaja kusomwa na vizazi. Mwaka 1974 akatoa *Kichomi*, mashairi yasiyofuata vina na mizani, na wataalamu wa ushairi wakagombana miaka mingi kwa sababu yake. Mwaka 1976 alipata shahada ya uzamili kwa utafiti juu ya Shaaban Robert. Akaenda Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, akapata udaktari mwaka 1985. Akarudi Dar es Salaam kufundisha.

Tukumbuke jambo hili: wote wawili walirudi. Ruhumbika alitoka Paris akarudi. Kezilahabi alitoka Madison akarudi. Kama nia yao ingekuwa kukimbia, wasingepanda ndege ya kurudi.

Kwa nini waliondoka

Sababu haikuwa moja, na kila mtu ana zake za moyoni ambazo si za kuandikwa hapa. Lakini hali ya nchi inajulikana. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula akiba ya taifa. Miaka ya 1980 ilipoanza, sabuni na sukari vilipangiwa foleni, na chuo kikuu kilikosa vitabu vipya na hata karatasi.

Kisha ikaja thamani ya shilingi. Mwaka 1985 dola moja ilikuwa kama shilingi 17. Mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ikashushwa, ikaendelea kushuka. Miaka kumi baadaye dola moja ilikuwa imepita shilingi 500. Mshahara wa mwalimu wa chuo kikuu uliongezwa, lakini haukukimbia kwa mwendo huo. Walimu wenye shahada za udaktari wakafuga kuku wa mayai na kulima bustani ili watoto wale. Hiyo ndiyo "miradi" tuliyoizoea sote wakati ule. Ruhumbika aliichukua kama mada: kitabu chake cha mwaka 1992 kinaitwa *Miradi Bubu ya Wazalendo*.

Yeye aliondoka mwaka 1985. Alifundisha Chuo Kikuu cha Hampton, jimbo la Virginia, na tangu 1992 Chuo Kikuu cha Georgia mjini Athens, akiwa mwalimu wa fasihi linganishi. Kezilahabi alivumilia zaidi. Katikati ya miaka ya 1990 akaenda Botswana. Nchi hiyo ilipata uhuru mwaka 1966 ikiwa maskini, ikagundua almasi mwaka uliofuata, na ilipoanzisha chuo kikuu chake mwaka 1982 ilikuwa na fedha za kulipa walimu. Wasomi wengi wa Tanzania, Uganda na Kenya walielekea kusini, huko Botswana na kwa majirani zake, kwa sababu ile ile iliyowapeleka wavuvi wetu kwenye maji ya mbali samaki walipoadimika pwani.

Walituma nini

Sasa turudi kwenye swali la mzee wa harambee.

Kezilahabi aliishi Botswana, nchi isiyozungumza Kiswahili, na hakukiacha. Mwaka 2008, akiwa huko, ulitoka mkusanyiko wake wa mashairi, *Dhifa*. Alipofariki Januari 2020, wasomaji wa Kiswahili wa Kenya na Tanzania walimlilia kama mtu wao. Mtoto wa Mombasa au wa Mbeya ambaye hajawahi kuiona Nansio analijua jina la Namagondo kwa sababu yake. Hakuna tangazo la utalii lililowahi kutufanyia hivyo.

Ruhumbika naye aliendelea kuandika kwa Kiswahili akiwa Marekani, ikiwemo riwaya ya *Janga Sugu la Wazawa*. Lakini kazi inayotugusa sisi zaidi ni nyingine. Alichukua kitabu cha Kitereza, chenye zaidi ya kurasa 600, akakitafsiri kwa Kiingereza kutoka kwenye Kikerewe chenyewe. Hakupitia Kiswahili. Tafsiri hiyo ilitolewa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota mwaka 2002. Kabla yake, Profesa Wilhelm Möhlig wa Ujerumani alikuwa amekitafsiri kwa Kijerumani katika vitabu viwili, mwaka 1991 na 1993.

Fikirini kazi hiyo inataka mtu wa namna gani. Anatakiwa awe amelelewa na Kikerewe cha wazee, ajue jina la kila sehemu ya mtumbwi na kila hatua ya mahari. Anatakiwa awe na Kiingereza cha kuandikia vitabu. Na anatakiwa awe na mshahara unaomruhusu kukaa mezani miaka bila kuwaza kuku. Mtu wa namna hiyo alikuwepo, alikuwa wa kwetu, na alikuwa Georgia. Kama angebaki nyumbani akapambana na mkate wa kila siku, nani angeifanya? Hatuwezi kuapa kwamba isingefanyika. Tunaweza kusema tu kwamba ilifanyika, na ilifanywa na mtu aliyevuka maji.

Hesabu ya kweli

Tusiandike kana kwamba tumepata faida tupu. Palikuwa na hasara, na tuitaje.

Walipoondoka, wanafunzi wa Dar es Salaam walipoteza walimu wakiwa katika nguvu zao. Kijana wa Ukerewe aliyefika chuoni miaka hiyo, akitafuta mtu wa kumwambia "hata mimi nilipanda meli ile ile", alipungukiwa mtu. Elimu yao ya mwanzo ililipwa na umma, yaani na jasho la mkulima wa pamba na la mvuvi. Faida ya kila siku, ile ya kufundisha darasani, ilikwenda kwa watoto wa Virginia, wa Georgia na wa Gaborone. Wapo pia wasomi wengine wa kwetu, ambao hatutawataja, waliokwenda wakanyamaza. Mfano wa Mwalimu unawahusu, nao wanajua.

Lakini mfano ule una upande ambao hatuuzungumzii. Yule mtu aliyekwenda mbali akirudi na mzigo, lazima akute watu wanaomsubiri na ghala la kuuweka. Akifika usiku akakuta milango imefungwa, mzigo utalala ufukweni na kunyeshewa.

Basi tujiulize kila mmoja nyumbani kwake. Nyumbani kwenu kuna nakala ya kitabu cha Kitereza, kwa Kiswahili au kwa lugha yoyote? Mtoto wako wa kidato cha pili ameshawahi kukishika? Anajua kwamba *Rosa Mistika* imeanzia kijiji anachopita akienda kwa shangazi yake? Mwanafunzi wa Köln anaweza kwenda maktaba na kusoma jinsi mababu zetu walivyoishi, kwa Kijerumani. Mjukuu wa mababu hao asomee wapi? Mizigo ilitumwa. Sisi hatukujenga ghala.

Pombe ya Myombekere

Waliosoma kitabu watakumbuka mwanzo wake. Bugonoka alichukuliwa na wazazi wake kwa sababu ya maneno mabaya aliyosemwa kwa mumewe. Myombekere akaenda ukweni kumwomba mkewe arudi. Wakwe hawakumfukuza, lakini walimtoza: alete pombe ya ndizi, ndipo ampate mke wake. Kila aliyewahi kutengeneza pombe hiyo anajua kwamba si kazi ya mtu mmoja. Kuna kuzivundika ndizi, kuzikamua, kuazima mitungi, kisha kuibeba safari nzima hadi ukweni. Mtu mwenye wivu na majirani zake hawezi kuitengeneza.

Kumrudisha aliyeondoka kuna gharama, na gharama hiyo hulipwa kwa mikono mingi. Hatuwezi kuwarudisha maprofesa wetu wote wakae hapa, na wengine wameshatangulia mbele ya haki. Kazi zao tunaweza kuzirudisha.

Ndiyo maana michango ya mwaka huu imekusudiwa jambo moja tu: chumba cha vitabu pale Nansio, chenye meza, taa na rafu moja maalumu ya vitabu vilivyoandikwa na watu wa visiwa hivi au juu yao. Kitereza awepo katika kila lugha tutakayoipata. Kezilahabi na Ruhumbika wawepo wote. Kitabu cha Hartwig kiwepo, ili mtoto wa Ilangala au wa Ukara asiombe ruhusa ya nchi nyingine kusoma habari za babu yake. Ibaki na nafasi tupu pia, kwa ajili ya wale watakaoandika baadaye.

Kwenu mlioko nje, tunaomba mambo matatu. Kwanza mchango wa fedha, kwa kadiri ya uwezo. Pili, kila mwenye tasnifu, kitabu au makala aliyoiandika, hata kama ni ya kemia au ya mifupa ya ng'ombe, alete nakala moja. Msione haya kwamba haisomeki na mtu wa kawaida. Mtoto akiona jina la ukoo wake kwenye jalada, ameshasoma sehemu iliyo muhimu. Tatu, mkija likizo, saa mbili tu. Kaeni kwenye meza hiyo na wanafunzi, muwaambie mlivyofika huko na kilichowauma njiani.

Nanyi mlioko nyumbani, tunaomba mchango na jambo moja zaidi. Mwenye barua, daftari au picha ya zamani iliyoachwa na mzee, asiitumie kufungia dagaa. Ailete itunzwe. Mswada wa Kitereza ulikaa nyumbani miaka mingi bila kuliwa na mchwa kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeuthamini kabla dunia haijauthamini.

Mwakani mzee wetu akisimama tena na kuuliza wasomi wametuletea nini, tungependa asijibiwe kwa maneno. Tungependa ashikwe mkono, avuke barabara hadi kwenye chumba hicho, na akionyeshwa rafu aambiwe: hivi hapa.

Utaratibu wa kuchangia uko kwenye ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Karibuni sana.